Fundi wa Mabomba na Nyuzi za Mama Mapacha

Nilivunjika mguu nikijisifu. Wenzangu huvunjika wakiokoa mtu, au angalau wakikimbia kitu. Mimi nilikuwa nimetoka chini ya sinki la jikoni kwa mwalimu mmoja mstaafu, nikasimama, nikajipangusa mikono na kumwambia, "Mwalimu, hapa hata tone halitoki tena mpaka wajukuu zako waoe." Kisha nikapiga hatua kuelekea mlangoni. Hatua hiyo nikaitua kwenye dimbwi la maji yaliyokuwa yakichuruzika kimyakimya kutoka kwenye kiungo nilichokuwa nimetoka kukikaza. Nilisikia kitu kikilia *kwa!* nikadhani bomba limepasuka. Mwalimu akanitazama pale chini, akaniambia kwa upole kwamba siyo bomba.

Hospitalini waliufunga mguu plasta ngumu kuanzia gotini hadi vidoleni, wakanipa magongo na amri ya kukaa. Nikakaa. Kwa mtu aliyezoea kutoka nyumbani kabla chai haijapoa, kukaa ni ugonjwa wa pili.

Mke wangu ni mdarizi. Mtaani wanamwita Mama Mapacha kwa ajili ya binti zetu wawili walio shule ya bweni, na mimi kwa heshima hiyo hiyo nimekuwa Baba Mapacha. Anadarizi shuka, foronya, vitambaa vya meza na vya viti, vyote kwa mkono, sindano na uzi. Anafanya kazi hiyo tangu kabla hatujaoana. Nilikuwa naijua kazi yake kama ninavyoujua moyo wangu: upo, unadunda, sijawahi kuuangalia.

Sasa nilikuwa na kochi, kigoda cha kuwekea mguu, na siku nzima ya kuangalia. Nilichokiona kilinitoa jasho.

Nyuzi zake zilikaa kwenye mfuko wa mkate, zimekumbatiana kama ndugu waliopotezana. Mkasi ulikaa ndani ya birika kuukuu lisilo na mkono. Sindano zilikuwa zimechomekwa kwenye pazia, kwenye kalenda, na kwenye ukosi wa koti langu la kanisani. Kulikuwa na kopo la biskuti, na nisikufiche, nililifungua nikitarajia biskuti. Nikakuta vifungo, futi ya kupimia, kipande cha mshumaa, na funguo ambazo hakuna anayekumbuka zinafungua nini.

"Mkasi uko wapi?" ningemuuliza, ili kumpima.

"Kwenye birika," angejibu bila kuinua macho.

"Na uzi wa buluu?"

"Mfuko wa mkate, upande wa kushoto, chini ya ule wa manjano."

Na kweli ungekuwa hapo hapo. Lakini hilo halikunizuia. Mimi ni mtu ambaye kwenye begi lake la kazi kila spana ina mfuko wake, kubwa kwa ndogo, na nikiona mtu anaishi kwa mpangilio mwingine usioandikwa popote najisikia nina wajibu wa kumwokoa. Nikaanza kumshauri. Nilimshauri asubuhi, nikamshauri mchana, nikamshauri wakati anahesabu mishono.

"Baba Mapacha," akasema siku moja, ameweka sindano mdomoni, "hivi daktari alipofunga mguu, mdomo aliusahau?"

Ili aunyamazishe huo mdomo, akanipa fremu ndogo ya mbao, kipande cha foronya iliyochakaa na uzi mweusi wa kushonea vifungo. Akanionyesha mshono wa mnyororo: sindano inazama, inaibuka, uzi unaizunguka, pete moja inashikwa na pete nyingine. Vidole vyangu ni vya kuvutia mabomba. Sindano iliniponyoka mara nyingi hadi nikaanza kuitafuta kwa makalio. Lakini kufikia mwisho wa wiki nilikuwa na mnyororo mrefu, mweusi, uliopinda kama njia ya mlevi, na kichwa kilichovimba kuliko mguu.

"Si mbaya," mke wangu akasema.

Nilisikia: "Wewe ni bingwa." Ndivyo masikio yangu yalivyo.

Basi dada yake akajifungua, ikabidi aende kumsaidia siku kadhaa. Wakati huo alikuwa na kazi ya nesi mmoja aliyekuwa anakaribia kuolewa: shuka na foronya nne, maua ya waridi ya rangi ya damu ya mzee, na majani ya kijani yakiyazunguka. Maua yote alikuwa ameshayamaliza. Majani yalikuwa bado ni michoro ya penseli.

"Majani nitayajaza nikirudi," aliniambia akifunga begi. "Mama atakuwa anakuletea chakula. Wewe pumzika, na kazi ya nesi usiiguse."

Nikaitikia kwa kichwa. Kabla gari lililombeba halijakata kona, nilikuwa nimeshashika magongo naelekea uani.

Uani nina vipande vya mabomba ya plastiki, mabaki ya kazi mbalimbali, ambavyo mke wangu amekuwa akiniomba nivitupe. Nilivikata kwa msumeno, vyote urefu wa kiganja, nikavilaza kimoja juu ya kingine kama sega la nyuki, nikavigundisha, nikaviwekea ubao kwa nyuma. Kila tundu uzi wake. Niliumwaga mfuko wa mkate juu ya kitanda, nikaanza kufumbua mafundo na kupanga: manjano na wenzake juu, buluu chini yake, nyekundu kulia, kijani kushoto. Mkasi nikaupa bomba lake mwenyewe, pana kidogo. Sindano nikazichomeka kwenye kipande cha sponji kwa kufuata urefu. Nilipomaliza nikaruka kwa mguu mmoja hadi mlangoni ili nilitazame kabati langu kutoka mbali. Lilinipendeza mno, nikajionea huruma kwamba hakuna mtu wa kunipongeza.

Mtu akaja. Mama mkwe alifika na sufuria ya chakula mkononi, akasimama mbele ya kabati. Aliangalia upande wa kulia. Akaangalia upande wa kushoto. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Unaonaje, mama?"

"Mwanangu," akasema, "una bidii."

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Tangu nimwoe bintiye hajawahi kunikosoa usoni, na heshima hiyo, kama utakavyoona, ilinigharimu.

Sasa fikiria: una kabati jipya, nyuzi zimejipanga, fremu iko mkononi, mshono wa mnyororo unaujua, na majani ya mtu yamekaa tu pale yanakusubiri. Nikajiambia nijaze jani moja tu, dogo, la pembeni, ambalo hata likiharibika halionekani. Lilipotoka zuri nikaona ni dhulma kuliacha peke yake. Nilikaa dirishani kwenye mwanga, nikachota uzi kwenye matundu ya kushoto, tundu moja baada ya jingine, ili majani yasifanane sana. Kijani cha kukolea, kijani cha wastani, kijani kilichopauka. Nilishaona mke wangu akifanya hivyo. Mimi ua na jani sikuona kama vinapishana sana, lakini nilidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu, na kwamba watu hutambua jani kwa umbo lake.

Foronya zote nne nikazimaliza. Mama mkwe alizikuta zimetandazwa kwenye kochi. Akainama karibu, akashika miwani yake kwa vidole viwili.

"Haya majani," akasema, "yameiva."

"Asante, mama," nikasema, nikaona haya hata kwa sifa hiyo.

Mke wangu alirudi siku ya pili yake. Nilimsubiri sebuleni, nimevaa shati safi. Kabati aliliona kwanza. Akacheka, akalipapasa, akasema, "Haya, mabomba yamepata kazi," na kwa muda huo mfupi nilikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote mtaani. Halafu akachungulia ndani ya matundu. Akatoa uzi mmoja, akaurudisha. Akatoa mwingine. Halafu akageuka akaona kochi.

Akaziendea zile foronya, akaiinamia ya kwanza.

"Baba Mapacha, njoo hapa. Hili jani ni la rangi gani?"

"Kijani."

"Na hili?"

"Kijani. Kimepauka kidogo, lakini ni kijani."

"Na hili hapa?"

Nililiangalia vizuri, maana sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kijani cha kukolea. Kwani unanipa mtihani?"

Mke wangu akaketi ukingoni mwa kochi. "Hilo la kwanza ni kijani," akasema taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyesimama juu ya paa. "La pili ni kahawia. Na hilo la mwisho, mume wangu, ni jekundu kama pilipili."

Nikacheka. Nikadhani ni utani. Nikaangalia uso wake, nikaacha kucheka. Akachukua nyuzi mbili kutoka kwenye matundu yangu ya kushoto, akazishika pamoja mbele ya macho yangu, karibu kabisa.

"Hizi zinafanana?"

"Ni pacha," nikasema.

Akashika tama. Kisha kitu kikampitia usoni. "Nyanya," akasema.

"Nyanya zimefanya nini?"

"Miaka yote nakutuma nyanya zilizoiva, unaniletea nusu mbichi! Mimi nilidhani unafanya makusudi ili nisikutume tena!"

"Na mimi," nikamwambia, "nilidhani wauza nyanya wote wananiibia. Kuna mmoja nilishamgombeza."

Hapo ndipo hodi ilipopigwa, na sauti ya nesi ikaita mlangoni kwamba alikuwa anapita tu, amesema achungulie kazi yake imefikia wapi.

Sijui ni nani alinituma, lakini nilizikusanya zile foronya nne na kuzikalia. Mke wangu akanitazama, akatikisa kichwa, akamfungulia mlango. Nesi aliingia, akatusalimia, akanipa pole ya mguu. Akauliza kazi yake iko wapi. Mke wangu akaangalia dari. Nikaona hakuna jinsi. Nikainuka kwa gongo moja, nikamwachia aone.

Aliinua foronya ya juu, iliyokuwa bado na joto langu, akaipeleka dirishani. Nilingoja akasirike. Badala yake aliigeuza huku na huku, akaniuliza, "Baba, hii kazi ni yako?"

"Maua ni ya mke wangu. Maafa ni yangu."

"Umewahi kupima macho?"

"Naona vizuri tu. Kutoka hapa naona hadi bomba la jirani linavuja."

"Siyo mbali na karibu. Rangi. Upande wa mama yako, kuna mwanamume anayechanganya rangi?"

Nikataka kusema hakuna, halafu nikamkumbuka mjomba. Mjomba wangu alipaka nyumba yake rangi ambayo hadi leo watu wa kule hutumia kuelekeza wageni, na alikuwa akiwaambia wote kwamba ameichagua kwa sababu haivutii macho.

"Yupo," nikasema.

"Basi ndiyo hiyo. Nenda kitengo cha macho wakuangalie, si kitu cha kuogopa." Akaikunja foronya, akaiweka mezani. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka kwa kicheko alichokizuia kwa adabu ya kazi yake. "Lakini Mama Mapacha, samahani, harusi ni yangu. Mimi nataka majani ya kijani."

Kazi ya kufumua nikapewa mimi, na ilikuwa haki. Mke wangu aligeuza foronya ya kwanza upande wa nyuma, akanyanyua nyusi.

"Haya mafundo ya nini? Kila mshono una fundo!"

"Nilikuwa nakaza."

"Unakaza nini?"

"Ili lisivuje," nikasema, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nikatamani plasta ingenifika hadi kichwani.

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Alicheka tena jioni, peke yake, akiwa jikoni, nikamsikia. Mimi nilikuwa nachokonoa mafundo kwa ncha ya sindano, moja moja, na kila fundo lilikuwa limefungwa na mtu aliyejiamini kabisa. Kitambaa kilibaki na vitundu. Mke wangu akakilowesha kwenye maji ya vuguvugu, akakisugua taratibu kwa ukucha mpaka nyuzi zake zikarudiana, kisha akakaa akajaza majani yote upya. Aliyajaza haraka na vizuri, tena bila kunisema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Kazi ilimfikia nesi kabla ya siku yake.

Kitengo cha macho nilikwenda siku niliyokwenda kukatwa plasta. Mtaalamu alinifungulia kitabu chenye kurasa za madoadoa.

"Unaona namba gani?"

"Naona madoadoa."

"Na hapa?"

"Madoadoa mengine."

Tukaendelea hivyo. Kulikuwa na ukurasa mmoja tu ambao niliona namba waziwazi, na mtaalamu akaniambia ukurasa ule umetengenezwa hivyo, mwenye macho ya kawaida haioni. Nikamwomba airudie. Nikaisoma tena kwa sauti, ili na waliokuwa nje wasikie. Huo ndio ushindi niliotoka nao.

Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la korido nikisubiri karatasi zangu, likanijia jambo lingine. Kabla sijawa fundi wa mabomba nilikuwa najifunza umeme. Bosi wangu alinifukuza siku nilipounganisha waya za nyumba ya mteja na taa zote zikapiga mlio mmoja zikazimika, pamoja na redio. "Nilikwambia waya wa kahawia!" alifoka. Nami nilimjibu kwamba nimeunganisha wa kahawia. Nilikuwa na uhakika. Tangu siku hiyo, kila aliyeniuliza kwa nini niliacha umeme nimemwambia bosi yule alikuwa na wivu, aliona nyota yangu inang'aa. Watu wameitikia, wamenipa pole. Nikiwa pale kwenye benchi nikaiona tena ile mikono yangu, na zile waya mbili zilizofanana, nikaanza kucheka peke yangu. Mama aliyekuwa kando yangu akasogeza mkoba wake, kisha akasogea na yeye mwenyewe.

Nilidhani udarizi umeniishia hapo. Mguu ulikuwa huru, kazi zilikuwa zinanisubiri, na kwa mwalimu mstaafu bado kulikuwa kunavuja. Lakini mikono ilikuwa imeshazoea. Nikirudi mchana nikakuta mke wangu yuko dirishani na kazi yake, najikuta natafuta pa kukaa. Alinivumilia hivyo kwa muda. Kisha akanitupia kitambaa cheupe na uzi mweupe.

"Darizi nyeupe juu ya nyeupe," akasema. "Hapo hata ukitaka kukosea hutaweza."

Nikadarizi. Na sitasema uongo, ilinikaa. Kwenye nyeupe hakuna wa kuniuliza hii ni rangi gani. Kuna kuinuka na kuzama tu, na kivuli kidogo pale mshono unapopita, na hicho nakiona kama mtu mwingine yeyote. Kabati la mabomba lilibaki ukutani, mke wangu akapanga nyuzi upya kwa mkono wake, na tundu la chini kabisa akanikabidhi mimi. Mkasi lakini aliurudisha kwenye birika. Nilifumba macho nisiseme kitu.

Kitambaa changu cha kwanza kilichokamilika nilimpelekea mama mkwe: majani, mengi, yakizunguka pembe zote nne. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, akasema ni laini, kitafaa kufutia miwani. Mke wangu akamshika mkono mamaye, akavipitisha vidole vyake juu ya pembe moja.

"Kumbe!" mama mkwe akasema. "Kumbe kuna kazi hapa!" Akakipapasa chote, pembe kwa pembe. "Mwanangu, safari hii sikunyamaza kwa heshima. Kweli sikuona."

Ndipo akakiri kwamba zile foronya za nesi aliziona vizuri sana, akadhani ndio mtindo wa siku hizi, na nani atamwambia mkwewe kwamba mtindo wake unatisha.

Kwa hiyo sasa mimi ni fundi wa mabomba anayedarizi, na kama kuna mtu hajui, wapo mafundi wenzangu wa kumwambia. Wananiita Bwana Mnyororo. Nimeshazoea. Jumamosi iliyopita uzi uliniishia katikati ya jani, nikaingia mwenyewe, kwa mara ya kwanza, kwenye duka la nyuzi na vifungo kule sokoni. Niliingia kifua mbele. Kwa mara moja maishani nilikuwa naenda kununua kitu cha rangi ninayoijua.

"Naomba uzi mweupe wa kudarizia," nikamwambia muuzaji.

"Mweupe upi?"

"Mweupe. Mweupe wa kawaida."

Akavuta droo. Ndani kulikuwa na vibunda vya uzi vimejipanga safu kwa safu. "Kuna mweupe wa maziwa, mweupe wa pamba, mweupe wa mfupa, huu wa lulu, na huu unaoelekea kwenye krimu. Unataka upi?"

Niliinama juu ya ile droo. Nikachukua kimoja, nikakipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, nikarudi. Nikachukua kingine. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kuwa ndefu, akina mama watupu, wenye vikapu. Nikampigia simu mke wangu. Simu ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nikajikuna shingo.

Mama mmoja akanipita ubavuni, akachungulia kile kipande cha kazi nilichokishika, akatumbukiza mkono kwenye droo bila hata kufikiri, akanibandikia kibunda kimoja kiganjani.

"Ni huo," akasema. "Lipa, baba, tupite."